Degedege la kwenye faili

Jumamosi usiku. Kusi imekaza, boti hazijavuka tangu alasiri. Mume wangu yuko barazani na mkono wake wa plasta, anawafundisha manahodha wenzake kufunga injini, kana kwamba hawajui. Mimi niko ndani na fomu.

Mwaka jana kichwa kilimuuma miezi miwili. Panadoli, mafuta ya karafuu, dua, hakupona. Tukapanda basi Mokowe alfajiri, Witu, Garsen, mpaka Malindi kwa daktari aliyesifiwa. Akammulika macho kwa tochi, akamgonga magoti, akasema anataka picha ya CT, ile ya kuonyesha ndani ya kichwa. Akaiomba idhini bima ya kazini kwangu. Jibu likaja kwa simu: kuumwa kichwa peke yake hakutoshi, ajaribiwe dawa kwanza majuma sita.

Daktari akaiweka simu mezani. "Mama, amewahi kuzimia?"

Nikasema la.

"Hata kutetemeka?"

Aliuliza polepole, kama anayekuachia mlango wazi. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama dari. Nikasema, labda mara moja. Nilikaa karibu hata nikaiona kalamu ikiandika: degedege mara 2, alipoteza fahamu. Nikatia sahihi. Idhini ikapatikana siku ileile, kichwani hamkuonekana kitu, alhamdulillahi. Kumbe ni macho, alihitaji miwani. Yaani kampuni ilisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nilimsimulia Ami nikitaraji sifa. Akanikumbusha kwamba uongo umeruhusiwa mahali patatu: vitani, katika kupatanisha watu, na baina ya mume na mke. "Daktari na bima wamo wapi hapo?" Nikamwambia bima nayo ni vita. Alicheka, lakini hakuniunga mkono.

Daktari wetu hayuko peke yake. Mwaka 2000 JAMA, jarida la madaktari la Marekani, lilichapisha majibu ya madaktari 720. Asilimia 39 walikiri kwamba ndani ya mwaka mmoja walitumia angalau mojawapo ya mbinu hizi, tena si kwa nadra: kukuza ugonjwa, kubadili jina la ugonjwa kwenye madai, au kuandika dalili ambazo mgonjwa hana. Huku kwetu tumesikia hospitali zilizosimamishwa mwaka 2025 kwa madai ya kumwandika aliyetibiwa akaenda zake kuwa alilazwa. Siwezi kuwapakia boti moja. Wale walitia mfukoni, wetu hakupata hata soda. Lakini pesa ni zilezile za watu. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ishike nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mshahara wangu unakatwa asilimia 2.75, na mchukuzi wa mizigo asiye na mshahara anadaiwa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Bima yangu ni ya kampuni, ndiyo, ila nayo chungu chake kinajazwa na wenzangu wa ofisini.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonikwama ni cha mwezi uliopita.

Mkono wa mume wangu ulibanwa kati ya boti na gati, mfupa ukavunjika. Hapa Lamu akampokea daktari kijana, mpole. Mimi na mazoea yangu ya kubeba kila karatasi, nikamkabidhi mfuko mzima. Alikuwa ameshaagiza sindano ya tramadoli, dawa kali ya maumivu. Akasoma, akamwashiria muuguzi asubiri.

"Mzee ana kifafa? Dawa hii inaweza kumwamshia degedege."

Sindano ikarudishwa kwenye trei, akapewa panadoli. Kwa mfupa uliovunjika! Kisha kijana akauliza, kwa sauti ya kawaida tu: "Na bado unaendesha boti ya abiria?"

Watu wa kwenye benchi waligeuka. Mmoja ni wa mtaani kwetu, huvuka naye kila Jumatatu.

Ningeweza kusema palepale. Nilingoja mpaka baada ya isha, mume wangu akisaga meno, ndipo nikamwita daktari pembeni nikamweleza. Hakunikemea. Alisema akiandika haya atamchongea mwenzake wa Malindi, na asipoandika mzee atabaki na kifafa maisha. Akampa dawa. Alichoandika sikukiona, na safari hii sikuchungulia.

Sasa fomu. Bima inaanza mwaka mpya, na swali la tisa linasema: je, mhusika amewahi kupata kifafa, degedege au kupoteza fahamu? Vijisanduku viwili. Nikitia alama kwenye "ndiyo" nasema uongo. Nikitia kwenye "hapana", wanayo karatasi yenye sahihi yangu.

Ananiita kutoka barazani, wageni wanataka kahawa. Nimeiegemezea fomu dele isipeperuke.