Sakafu ya gari-nyumba ilipoanza kutembea

"Baba Salma, hii sakafu inatembea," mke wangu aliniambia, amesimama mbele ya jiko na sufuria mkononi. Hata mwezi ulikuwa haujaisha tangu tulinunue lile gari-nyumba kuukuu, hapa Uingereza. Nikakanyaga alipokanyaga. Kweli: ilibonyea, ikalia kwii, ikarudi juu.

Nikampigia mjomba wangu wa Tanga, seremala. Baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza: "Boriti zimepitaje?" Nikaingia uvunguni mwa gari kutazama. Boriti za mbao hakuna. "Basi mmekalia biskuti," akasema.

Wala hakukosea. Sakafu hizi ni plaiwudi nyembamba juu, plaiwudi chini, na katikati povu gumu, ndugu yake lile jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni, ila hili limeshindiliwa. Mbao zenyewe ziko pembezoni na pale panapofungwa meza, basi. Kwangu unene wote ulikuwa milimita 40 hivi. Anayebeba watu ni gundi. Ikishika, tabaka zote tatu ni kitu kimoja. Ikiachia, unakanyaga plaiwudi ya milimita 5 inayoelea. Ndiyo maana huanza kufa mlangoni na mbele ya jiko, penye miguu mingi.

Nilichoogopa zaidi ni maji. Plaiwudi ikishaoza haibandikiki, ni kukata na kuweka mpya. Nikachomeka kipima unyevu: asilimia 14. Pakavu, alhamdulillahi.

Nikafunua kapeti ya plastiki, nikawa nagonga kwa mpini wa bisibisi kama mtu anayechagua fenesi sokoni. Penye uzima palijibu ko, ko. Penye ugonjwa, bwe. Hapo nikazungushia chaki. Nikatoboa matundu 41 kwa keekee ya milimita 10, kutoka tundu hadi tundu sentimita 15. Keekee nilikuwa nimeizungushia utepe kwenye milimita 30 ili isitokee upande wa pili. Kufika tundu la mwisho utepe ulikuwa umeteleza, nami sikuangalia.

Epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili inayoganda ikishachanganywa, nilichanganya kidogo kidogo, kwa sababu ikirundikana kikombeni inapata moto na kuganda kabla hujaitumia. Nikaisukuma kwa bomba la sindano mpaka ichungulie tundu la jirani, nikagongelea kijiti cha mbao, nikasogea. Juu nikatandika nailoni, ubao, magunia mawili ya mchele na madumu ya maji. Salma akauliza kama tunahama. Kulikuwa na baridi, hivyo hita ikawaka usiku kucha.

Kesho yake jioni nikakata vichwa vya vijiti nikaruka kwa visigino. Kimya. Mke wangu naye akaruka, mara mbili.

Lile tundu la mwisho ndilo lililoniumbua. Epoksi ilipenya mpaka uvunguni, ikaganda ikining'inia kama ulimbo wa fenesi. Mpaka leo ipo.