Lami kwenye gari nyeupe, na kijana wa waya ya sufuria

Wiki jana nilikuwa natoka Tororo naenda Mbale, mahali flani nikakuta wametoka tu kumwaga lami, bado inang'aa, hakuna kibao, hakuna mtu wa bendera, na nyuma yangu lori linapiga honi kama limeibiwa, sasa ningefanyaje, nikapita polepole nikisikia tsi tsi tsi huko chini kwa madigadi. Kufika naangalia gari, banange! Toyota Wish yangu nyeupe imejaa madoadoa kuanzia nyuma ya tairi la mbele mpaka katikati ya mlango, utadhani ndege kanga.

Nikaipeleka kwa vijana wanaoosha magari. Kijana akajaribu sabuni ya unga, wapi. Akaniambia "ssebo, hii inataka nguvu tu." Nikaenda kununua soda, kurudi namkuta ameshika ile waya ya kusugulia sufuria!! Lami ilitoka, sikatai, lakini ilitoka na mng'ao wa rangi. Ukisimama pembeni jua likipiga unaona miviringo, ka mtoto amechora na msumari.

Jioni nikampigia shemeji, yeye ni dereva wa lori, Malaba anaingia na kutoka kila wiki. Alicheka kwanza. "Sasa shemeji, lami ni mafuta, utaitoa na maji aje?" Na ukifikiria ni kweli, lami ni lile zito linalobaki chini wakishatoa petroli na dizeli kwa mafuta ghafi, kwa hivyo inasikia ndugu zake tu.

Upande wa pili nikafanya mwenyewe. Kwanza osha gari vizuri, mchanga ukibaki ndio utakaokuchorea rangi, halafu weka kivulini bodi ipoe. Nikalowesha kitambaa laini na mafuta ya taa, nikakibandika juu ya doa, nikangoja kama dakika tatu hivi bila kusugua. Hapo ndio utamu wenyewe, doa linaanza kulia, machozi ya kahawia yanateremka mlangoni pole pole, unapangusa mara moja tu na limekuja lote. Geuza kitambaa kila mara, usirudishe upande mchafu. Yale manene yalitaka raundi tatu. WD-40, ile ya kopo ya kupuliza kwenye vyuma, nayo inafanya kazi hiyo hiyo ila bei yake si ya mlango mzima.

Petroli mimi sikuigusa, inashika moto haraka na inakauka kabla lami haijalainika. Thina ndio kabisa usijaribu, na mafuta ya breki mtu akikushauri muulize kama ana gari, maana yale yanakula rangi. Na ukifika karibu na tairi angalia mafuta yasidondokee diski za breki.

Ukimaliza osha tena na sabuni, mafuta ya taa yanaacha utelezi na vumbi letu hili linashika hapo hapo, halafu paka waksi kwa sababu ile ya zamani imeshaondoka na lami.

Imebaki bampa ya nyuma. Hiyo fundi aliipaka upya mwaka jana na sijui alitumia rangi gani, kwa hivyo nimejaribu kwanza kwa ndani huku chini ambako hakuonekani, kitambaa kikarudi kimeshika weupe. Nimeiacha na madoa yake.