Siku moja na Honda CG ya mzee wa Muheza

Saa 12 na nusu asubuhi nafika kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, na mteja kanitangulia. Kakaa kwenye benchi, kofia ya bwana shamba kichwani, na pikipiki yake ya Honda imeegemea stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nimekuletea mgonjwa."

Katoka nayo Muheza alfajiri. Anasema akishaipata gia ya tatu haigusi tena, anakwenda nayo hivyohivyo mpaka afike, milima yote, mashimo yote. Akilazimika kusimama njiani anaomba Mungu.

Ni CG125 ya zamani, tangi jekundu lililopauka, na boksi la kufunika cheni bado lipo, kitu ambacho siku hizi sikioni mara kwa mara. Honda walianza kuziuza CG mwaka 1976. Vali zake zinasukumwa na fito badala ya cheni ya ndani, kwa sababu walijua zinakwenda kwa watu wasio na muda wa sevisi. Baadaye Wachina wakaiga ile injini, na ndiyo maana bodaboda nyingi zinazopita hapa mbele ni wajukuu wa hii ya mzee. Hilo lilikuja kunisaidia mchana.

Saa 1. Bado sijashika spana, nauliza kwanza. Pedeli ya gia ukishaikanyaga inarudi yenyewe? "Hairudi, naiinua kwa kidole cha mguu." Gia ikishaingia inatoka? "Ikishaingia imeingia. Shida ni kuingia." Na mara nyingine kati ya mbili na tatu haipati kitu, injini inapiga kelele tu.

Hapo moyo wangu ulitulia kidogo. Gia inayoingia halafu ikaruka ukivuta resi, hiyo ni meno ya gia yaliyolika au zimepinda uma, vile vyuma vinavyosogeza gia, na kuyafikia ni kuipasua injini katikati. Pedeli isiyorudi ni ugonjwa mwingine kabisa. Lakini mzee alishaambiwa na fundi mmoja, simtaji, kwamba gia boksi imekufa na dawa ni kununua injini nzima ya Mchina. Hata kava hakufungua. Kasikia "gia", kasema "injini".

Nikaanzia nje. Pedeli nikaitikisa: bolti imekaza, meno yake yameuma vizuri kwenye shafti. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona mtu kafungua injini nzima kumbe pedeli ilikuwa inateleza tu kwenye shafti. Klachi sasa. Mkono wake unatakiwa ucheze sentimita moja hadi mbili kule nchani kabla haujaanza kuvuta, huu ulikuwa umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Nikalegeza. Nikajaribu gia. Hakuna tofauti, pedeli bado inaning'inia chini kama sikio la mbuzi.

Nikamwaga oili kwenye beseni. Ukiwa na wasiwasi na gia, usiitupe oili kabla hujaishika. Chovya vidole, sugua, viinue juani. Ilikuwa nyeusi tii, ina vumbi linalometameta kidogo, kitu cha kawaida kwa pikipiki ya umri huo. Vipande hakuna hata kimoja. Jino la gia likivunjika huwa linaacha ushahidi humo.

"Mzee, nenda kanywe chai. Hii haijafa."

Saa 3 zikaja bodaboda tatu mfululizo: waya wa klachi, plagi, na mwingine anataka honi iwe kama ya lori. Kijana wangu akazimaliza zote.

Saa 4 nikailaza Honda ubavu wa kushoto juu ya tairi kuukuu. Kwenye CG, mitambo ya kubadilishia gia imejificha upande wa kulia, nyuma ya klachi, ingawa pedeli yenyewe iko kushoto. Shafti inapenya injini kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Wengi hufungua kushoto wakakuta sumaku, wakafunga, wakasema gia imekufa.

Kiki ikatoka, bolti za kava zikatoka. Kuna aliyewahi kupita humo: bolti mbili ndefu zimebadilishana nafasi na fupi, na silikoni imepakwa mpaka inaning'inia ndani kama makamasi. Silikoni ikikatika inakwenda kuziba njia ya oili, na hapo mtu ataua injini kwa kuokoa gasketi.

Kile kifuniko cha duara mbele kinachochuja oili kwa kuzunguka, nikakifungua nikakuta tope limeganda kama ugoro. Nati yake ina pengo nne, haishikwi na spana ya kawaida. Spana yangu nilijichongea mwenyewe kutoka kwenye kipande cha bomba, msumeno na tupa, na inanilisha mwaka wa saba sasa. Klachi nayo ikafuata.

Nikamulika tochi. Mwisho wa shafti ya gia kuna springi nzito yenye miguu miwili, na miguu hiyo inaibana pini iliyofungwa kwenye ukuta wa injini. Ukikanyaga pedeli, mguu mmoja unatanuka. Ukiachia, springi inairudisha katikati. Ya mzee mguu mmoja ulikuwa umekatika kwenye kona, na kipande kimelala chini kwenye oili, cheusi, kama mdudu. Na pini yenyewe imelegea. Niliizungusha kwa vidole viwili. Pini ikicheza, hata springi nzima haijui katikati ni wapi, ndipo unakanyaga kutafuta tatu unaambulia patupu.

Nikamwita mzee aje aone. Aliinama muda mrefu, hakusema kitu.

Saa 6, wali na samaki wa kukaanga kwa mama wa jirani, kisha swala.

Saa 7 nikazunguka madukani na springi mkononi. Duka la kwanza hawana. La pili wana ya pikipiki nyingine, muuzaji ananiapia ni ileile. La tatu nikapata ya injini ya Kichina ya CG, shilingi 3,000. Nikaziweka sambamba kiganjani: unene sawa, tundu sawa, upana kati ya miguu sawa. Usinunue springi kwa jina lake, nunua kwa kuipima.

Shafti nikaiviringisha juu ya kioo cha dirisha kuona kama imepinda. Imenyooka. Sili yake ya upande wa pedeli nikabadilisha, maana ndiyo iliyokuwa inamlowesha mzee kiatu cha kushoto. Pini nikaisafisha kwa petroli, nikatia gundi ya kuzuia nyuzi zisilegee, nikakaza. Na kabla sijarudisha kava nilifanya jambo ambalo fundi mwenye haraka huliruka: nikazungusha tairi la nyuma kwa mkono huku kijana akipandisha gia moja moja. Tano zote, kwenda na kurudi. Kila mara pedeli ikarudi katikati, tak.

Gasketi nilikata mwenyewe: karatasi juu ya kava, unagonga kingo taratibu kwa kichwa cha nyundo mpaka ijikate. Silikoni hata tone.

Saa 10 na nusu, oili mpya kama lita moja, nikaipeleka Raskazone kando ya bahari. Moja chini, nyingine zote juu. Kwenye kupanda kidogo, gia ya pili iliruka mara moja nilipovuta resi kwa nguvu. Mara moja tu, lakini iliruka.

Nilimwambia mzee ukweli. Meno ya gia ya pili yameanza kuchoka, siku moja itabidi tuipasue. Asiivute sana kwenye pili.

"Siku hiyo ikifika tutakuwa hai?" akauliza.

Akalipa, 35,000 pamoja na spea. Kisha akaniomba ile springi iliyokatika, na kile kipande, nivifunge kwenye gazeti.

"Za nini mzee?"

"Nampelekea yule aliyetaka kuniuzia injini."