Guru wako nani?

Mama mwenye nyumba wangu hapa Dehradun, India, ana picha ya mzee mmoja, kipara, mwili mkubwa, ameitundika jikoni juu ya mitungi ya mchele. Kila asubuhi humvisha shada jipya la maua ya njano kabla hata hajabandika chai. Mwezi wa kwanza nikajua ni marehemu baba yake, nikampa pole. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu ni Gurudev, beta. Wewe guru wako nani?"

Beta ni mwanangu. Anaita hivyo hata wauza mboga. Swali lake lilinikwamisha. Nimekuja huku kusomea ufamasia, mambo ya guru, mwalimu wa kiroho wa Wahindu, nilikuwa nayasikia kwa mbali tu. Nikamwambia kwetu Bagamoyo tuna masheikh.

Jumapili moja akanibeba twende Rishikesh, kama kilomita 45. Basi kwanza, halafu vikram, yaani bajaji kubwa mnayobanana humo magoti kwa magoti. Ashramu yenyewe, yaani makao ya guru na wanafunzi wake, iko Muni Ki Reti, imepanda mlimani kwa ngazi kutoka ukingo wa Ganges. Tulivua viatu, tukaingia.

Kumbe yule mzee wa jikoni alikuwa daktari. Swami Sivananda, mzaliwa wa Pattamadai, Tamil Nadu, mwaka 1887. Alitibu watu katika nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, karibu miaka kumi, kisha akaacha kila kitu akarudi India. Mwaka 1924 akafika Rishikesh, na Swami Vishwananda Saraswati akampokea kwenye usanyasi, utawa wa Kihindu: hakuna mke, hakuna mali, jina la zamani linazikwa. Mimi mtu wa dawa niliganda kwenye habari ya zahanati. Aliifungua mwaka 1927 kutibu mahujaji na masadhu, watawa wa Kihindu, kwa fedha alizopata kwenye bima yake. Mzee aliyekuwa akitusimulia aliongea Kihindi chake cha haraka, nami nikadaka neno hilohilo, bima, kama tunavyolitamka Kariakoo. Tuliokota mengi kwa hawa watu: laki, hundi, chapati. Baadaye Sivananda alihamia ng'ambo hii ya mto, akakaa kwenye zizi la ng'ombe lililotelekezwa. Hapo ndipo ilipoanzia ashramu hii, na mwaka 1936 akaunda shirika lake la kiroho, Divine Life Society.

Majina yao yalinichanganya mpaka nilipoelezwa. Hiyo "ananda" ya mwisho ni furaha. Saraswati ni kama ukoo, mojawapo ya majina kumi ya masanyasi wanaojihesabu kwa Shankara, mwalimu wa zamani sana. Ukoo usio na damu. Guru anamshika mwanafunzi, mwanafunzi anakuja kuwa guru, kamba inaendelea.

Sisi tunaiita silsila. Babu yangu alikuwa mtu wa tarika ya Kadiria, na alikuwa akitutajia mashekhe mmoja baada ya mwingine mpaka Abdulkadir Jilani, bila kukosea. Na Sheikh Ramiya wetu aliletwa Bagamoyo mtumwa kutoka Kongo, akafa mwaka 1931 akiwa khalifa anayebusiwa mkono na waungwana. Ila pale Ramiya alipoacha, alishika mwanawe. Huku msanyasi hana mtoto. Sivananda alipofariki mwaka 1963 uongozi ulikwenda kwa mwanafunzi wake Chidananda, akaushika mpaka alipokufa mwaka 2008. Wengine mzee alishawatawanya akiwa hai. Satyananda akajenga chuo cha yoga Munger, Bihar. Vishnudevananda akaishia Kanada, na inasimuliwa aliagwa na noti ya rupia kumi tu. Tawi jingine liko Durban.

Kwenye kaburi la Sivananda mama akalala kifudifudi. Mimi nilisimama pembeni, mikono nyuma, sikuinama. Hakuninunia. Nilipomuuliza kuhusu hawa maguru wa magari ya kifahari, akajibu bila kumung'unya maneno: anayekuomba pesa kabla hajakuuliza jina lako, mkimbie. Nikamwambia hao kwetu wanabandika matangazo kwenye nguzo za umeme.

Tulimalizia kwenye ukumbi wa kirtani, nyimbo za ibada. Humo wanaimba Hare Rama tangu tarehe 3 Desemba 1943, usiku na mchana, hawajanyamaza. Nilitegemea umati. Nikakuta mzee mmoja tu, ana kikohozi, anapiga vitasa vidogo vya shaba taratibu. Tumekaa kidogo akaingia kijana, nywele bado mbichi kwa maji. Akaketi ubavuni pake, akasikiliza, akaingia katikati ya neno. Wakaimba pamoja mizunguko miwili mitatu. Mzee akamkabidhi vitasa, akainuka kwa kushika goti, akatoka nje kutafuta kandambili zake kati ya zetu.