Tenti ya kupandia dania ndani ya nyumba Mombasa: anza na hewa, taa itafuata

Saa nane mchana, mwezi wa pili, nilifungua zipu ya tenti nikapigwa na mvuke usoni kama mtu amefunua sufuria ya wali. Kipimajoto kimeandika 41. Miche yangu ya letasi imelala chini yote, dania imesimama lakini majani yamejikunja kingo kama karatasi iliyokaribia moto. Taa yenyewe ilikuwa yawaka vizuri kabisa, na hilo ndo lililoniuma, manake taa ndo kitu nilichokitolea pesa nyingi kuliko vyote.

Najua mtu atauliza, Mombasa na jua lote hili wawasha taa ya nini. Sisi twakaa Tudor, ghorofa ya nne, juu kabisa, hatuna roshani na paa limejaa matangi ya maji ya nyumba zote na lina kufuli. Dirisha lenye jua ni moja tu, na jua lenyewe la kuanzia saa saba ni la kuchoma. Dania haitaki mambo hayo, ikipata joto sana na mwanga wa masaa mengi hukimbilia kutoa maua, utaona kashina karefu katikati na majani yanakuwa membamba kama ya shamari, ladha ishakwenda. Letasi ndo kabisa, mbegu zake zikikaa kwenye joto la kupita digrii 30 hivi hulala tu hazichipui, mimi huzianzishia kwenye friji siku mbili tatu ndani ya tishu iliyolowa ndo nazipeleka kwa udongo. Na mamangu ana neno lake moja, chatini ya viazi karai yataka dania iliyokatwa saa hiyo hiyo, ile iliyoshinda juani sokoni tangu asubuhi yeye ataila lakini hataisifu, nami nilitaka aisifu.

Tenti zenyewe kama hujaziona ni kama kabati la kitambaa, fremu ya vyuma vyepesi, nje nyeusi, ndani inang'aa kama fedha ili mwanga urudi kwa mimea usipotee, halafu ina matundu ya duara juu na chini ya kupitisha paipu na waya. Yangu ni sentimita 60 kwa 60, kwenda juu 140, kwa hivyo ndani mna hewa kama nusu mita ya ujazo tu. Kumbuka hiyo nusu, tutairudia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ni mpangilio, nilinunua taa kwanza halafu nikatafuta feni ya kuisaidia. Boksi la taa limeandikwa wati 1500. Nilipoichomeka kwenye ile mita ndogo ya plagi inayoonyesha umeme unaotumika nikaona 150. Na ukweli ni kwamba hiyo 150 ndo namba ya kuamini, zile za kwenye boksi huwa zinalinganisha na taa za zamani au zinajumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila balbu ndogo, hazisemi taa inakula nini. Mimi nikafikiri nimeibiwa, kumbe hata hiyo 150 kwa tenti ya ukubwa huu ilikuwa imezidi mara mbili.

Sasa hapa ndo ntakaa kidogo manake hapa ndo pana kila kitu. Umeme wote unaoingia kwenye taa, mwisho wake ni joto. Hata ule mwanga mzuri mweupe ukishapiga majani na kuta unageuka joto, ni kiasi kidogo mno kinachobaki ndani ya mmea. Kwa hivyo taa ya wati 150 ndani ya kabati la kitambaa ni kama kuweka jiko dogo la wati 150, na njia ya kulitoa hilo joto ni hewa. Na feni haipoozi kitu! Feni inabadilisha hewa tu, inatoa ya ndani inaingiza ya chumbani, kwa hivyo tenti haiwezi kuwa baridi kuliko chumba chako hata ufunge feni tano. Kuna hesabu nyepesi ambayo laiti ningeijua mapema, chukua wati za taa, zidisha mara 3, gawanya kwa mita za ujazo za hewa ambazo feni inatoa kwa saa, jibu ndo digrii ambazo tenti itapanda juu ya joto la chumba, kwa makadirio. Mimi nilikuwa na taa ya 150 na feni ndogo ya kompyuta, ile ya sentimita 12, ambayo kwenye karatasi yasema mita 85 kwa saa lakini nilikuwa nimeifunga kwenye paipu ya alumini ya mita tatu iliyojikunja kama utumbo, sidhani hata 30 zilikuwa zatoka. 150 mara 3 ni 450, gawa kwa 30, unapata 15. Chumba changu siku ile kilikuwa 31. Kuta za kitambaa zilivujisha kidogo, na ndo hiyo 41 yangu.

Watu wa nchi za baridi huambiwa badilisha hewa yote ya tenti mara moja kwa dakika. Kwangu ni nusu mita kwa dakika, yaani mita 30 kwa saa, na kwao inatosha kwa sababu hewa inayoingia ni ya digrii 20. Huku pwani kaskazi ikikaza chumba huwa 31, huna zile digrii 10 za kuchezea, lazima upandishe hewa na ushushe taa. Hivi sasa nina feni ya kwenye paipu ya inchi 4, nimeipunguza kasi na bado natoa kama mita 100 kwa saa, na taa ni ya wati 60. Piga ile hesabu: digrii 2 hata hazitimii.

Feni inakaa juu kwa sababu hewa moto hupanda, na inavuta kutoka ndani, haisukumi kwenda ndani. Chini nimefungua vile vidirisha vyenye wavu ndo hewa iingie, na eneo la kuingilia liwe kubwa kuliko la kutokea, mara mbili hivi, la sivyo feni inahangaika bure. Utajua vipi? Angalia kuta za tenti. Zikiingia ndani kidogo tu, kama shavu la mtu anayenyonya mrija, hapo ni sawa. Zikiingia mpaka zinagusa majani, fungua zaidi chini. Zikitulia tuli kama hakuna feni, mahali fulani pamevuja au paipu imeziba. Mimi hushika kipande cha tishu pale kwa wavu, kikivutwa kikagandama najua hewa yaja.

Halafu paipu iwe fupi na inyooke. Kila kona unayoikunja inakula hewa, na zile paipu za alumini zisipovutwa zikanyooka zile mikunjo za ndani zinazuia vibaya sana. Yangu ilitoka mita tatu ikawa sentimita 80 na kona moja, na feni ile ile ikawa kama feni nyingine.

Na hewa hiyo ipeleke NJE ya chumba. Wiki mbili nzima nilikuwa natoa joto la tenti nalimwaga chumbani, halafu tenti inalivuta tena kwa chini. Dirisha letu ni la luva, vile vioo vyembamba vya kulala, nikatoa vioo viwili, fundi akanikatia plaiwudi ya upana ule ule na tundu la duara katikati, nikaziba kandokando na sponji mbu wasipite. Nikafurahi. Halafu ikaingia kusi. Dirisha lile lapokea upepo wa kusi moja kwa moja, na mwezi wa sita ule upepo ulikuwa unasukuma hewa irudi ndani ya paipu, nikawa naskia feni inaguna badala ya kuvuma. Dawa yake ilikuwa kona ya paipu ya plastiki, ile ya mabomba ya maji machafu ya inchi 4, nimeichomeka nje inaangalia chini, upepo unapita juu yake na mvua haingii. Ukiwa na dirisha la upande wa uani tumia hilo, usijipe kazi niliyojipa.

Turudi kwa taa, maneno yake si mengi. Usihangaike na lumeni, lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu. Mimea inahesabiwa kwa mol za mwanga, yaani wingi wa chembe za mwanga zinazoangukia majani, kwa kila mita mraba kwa siku, na letasi na majani ya mboga yanaridhika na 12 hadi 17. Taa nzuri ya LED ya wati 60 ikiwaka masaa 13 kwenye eneo la 60 kwa 60 inafika humo bila shida. Nimechagua nyeupe ya kawaida, si ile ya zambarau, kwanza kwa sababu chini ya nyeupe naona jani likianza kuwa na manjano au mdudu, chini ya zambarau kila kitu chafanana. Pili ni majirani. Ile ya kwanza ilikuwa na rangi hiyo na usiku dirisha lote lilikuwa linawaka zambarau mpaka barabarani, bi mkubwa wa nyumba ya chini akapanda ngazi zote zile na miguu yake inamuuma kuja kuuliza kwa upole, "Mwanangu, huko ndani hamna kitu cha kutuletea polisi?" Nikamwambia shikamoo bibi, karibu, nikamfungulia zipu aone mwenyewe dania na nanaa. Akashuka na fungu mkononi. Lakini niliona haya kwamba mtu mzima amekaa na wasiwasi huo siku kadhaa kwa ajili yangu, na taa nikaibadilisha.

Nimeitundika sentimita 35 juu ya majani. Miche ikirefuka shingo na kuinama, taa iko mbali, ishushe. Majani ya juu yakipauka na kukakamaa, ipandishe. Na kile kisanduku cha umeme cha taa, mafundi wanakiita draiva, kitoe ukifunge nje ya tenti, wati tano sita za joto zinabaki huko nje bila gharama yoyote.

Masaa ndo kitu kilichonisaidia zaidi baada ya feni. Mimea haijui saa, kwa hivyo mchana wake nimeufanya usiku. Mwanzo niliwasha saa kumi na mbili jioni nikidhani kushapoa, lakini nyumba ya juu kabisa, slabu ya zege imekunywa jua mchana kutwa na inalitema mpaka usiku umeingia, ukiweka kiganja kwa dari waskia. Nikaandika joto la chumba kila saa kwa siku nne, na sasa taa inawaka saa mbili usiku inazima saa tatu asubuhi. Feni haizimwi kamwe, manake taa ikizima joto linashuka na unyevu unapanda, hapo ndo ukungu unaanza kwa majani.

Taima usinunue ile ya kuzungusha na vipini. Stima ikipotea masaa matatu nayo inasimama masaa matatu, na stima ikirudi inaendelea ilipoachia, nlikuja kugundua mimea yangu yawashiwa taa saa tano asubuhi kwenye joto lenyewe. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani.

Kuna shida moja ilinitesa hata baada ya joto kutulia. Letasi imependeza, kubwa, halafu nikifunua katikati yale majani machanga kabisa yana kingo za kahawia kama zimeunguzwa na pasi. Nikaongeza mbolea, ikazidi. Kumbe ni kalsiamu kutofika, na kalsiamu husafiri na maji tu, jani lisipotoa jasho maji hayapandi na kalsiamu haiji. Yale majani ya katikati yamekumbatiana kwenye hewa nzito iliyosimama, na hewa ya kwetu hapa ishakuwa na unyevu asilimia 80 kabla hata ya kuingia kwa tenti. Hewa ya kutoka peke yake haitoshi, yatakiwa na ya kutembea ndani. Nikafunga kafeni kadogo ka kubana pale juu kwenye chuma, kanapuliza kuelekea chini pole pole, majani yatikisike tu yasipepee. Letasi zilizofuata zilitoka safi mpaka moyoni.

Kwa stima, yote hayo taa na feni mbili yanakula kama yuniti 41 kwa mwezi, kwa hivyo hesabu tokeni zako mapema. Ekstensheni itundike ukutani juu, isilale sakafuni karibu na maji, na kila waya uache ulegee chini kidogo kabla ya kuingia kwa soketi ili tone la maji lidondoke hapo lisifuate waya. Na huku kwetu hewa ya chumvi inakula shaba, ekstensheni yangu moja ilianza kunuka plastiki ya kuungua na nilipoifungua meno ya ndani yalikuwa ya kijani kibichi, pamelegea, pamechomeka. Sasa kila miezi mitatu nachomoa zote naangalia, na plagi ikiwa ya moto mkononi naitupa.

Mwezi huu nimevuna dania mara tatu kwenye ndoo zile zile. Kaskazi ikirudi, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, letasi sipandi tena, nimeshazipigia hesabu na chumba chenye digrii 31 hakizifai hata feni ivume vipi. Miezi hiyo tenti itakuwa ya rihani na nanaa, hizo zastahimili, na dania ndoo moja tu ya pale chini mbele ya wavu ambapo hewa inaingia kwanza.