Profesa mpya mbele ya mama yake

Jana nilihudhuria mhadhara wa kiprofesa hapa Iringa. Mtu akishapanda kuwa profesa, husimama mbele ya umma, siyo wanafunzi wake tu, aeleze utafiti wake na anakoupeleka. Ukumbi ulifurika. Akiwa ndani ya joho zito, profesa huyo mpya aliweka itifaki kando akamgeukia mama yake, mkulima wa viazi kutoka Kilolo, akamsalimu kwa Kihehe: “Kamwene, mama!” Mama akaitikia kwa sauti, vigelegele vikalipuka. Nilisisimka mno.

Kwenye jukwaa kama hilo, Dar es Salaam mwaka 1969, mwanahistoria Profesa Terence Ranger alitetea nafasi ya Waafrika wenyewe katika historia ya Tanzania. Ni mhadhara mzito huo! Vyuo vya Mbeya na Iringa, tafadhali tualikeni zaidi, na wakulima pia.