Siku niliyomwambia Halmeoni "pole"

Mwishoni mwa Novemba 2014 Kikorea changu kilikuwa cha miezi mitatu. Nilikuwa nasoma Daejeon, mji wa Korea Kusini, nimepanga chumba kwa bibi mmoja ambaye wapangaji wote tulimwita Halmeoni, yaani Bibi.

Ulikuwa msimu wa gimjang, familia zinapotengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya kuliwa majira yote ya baridi. Uani kabichi za Kichina zilikuwa zimelala usiku kucha kwenye chumvi, majirani watatu wamekuja kusaidia, nami nimepewa mpira wa maji nisuuze. Halmeoni akainua beseni, akapiga hatua mbili, kandambili ikateleza, akaangukia kiwiko.

Nikautupa mpira, nikamkimbilia. "Halmeoni, mianhae! Mianhae!"

Kwetu mtu akijikwaa, hata usiyemjua, neno linakutoka kabla hujafikiri: pole. Hulisemi kwa kuwa umemsukuma. Unalisema kwa kuwa ameumia nawe umeona. Kwenye daftari langu mbele ya mianhae nilikuwa nimeandika "samahani, pole", kama vile ni kitu kimoja.

Halmeoni akanitazama akiwa bado chini. "Wae? Mwol jalmothaenneunde?" Kwa nini? Umekosa nini? Majirani wakautazama mpira, ambao bado ulikuwa ukimwaga maji pale sakafuni. Nikaelewa wanachofikiri, na maneno ya kujieleza sina. Nikarudia tena mianhae. Jirani mmoja akaguna. Halmeoni akainuka mwenyewe, mkono niliomnyooshea hakuushika.

Jioni Mkorea mmoja tuliyepanga naye alinieleza taratibu. Mianhae huambiwa rafiki, au mdogo wako. Ukitia yo mwishoni, mianhaeyo, unaongeza adabu kidogo, lakini kwa mzee bado haitoshi. Mzee, mwalimu, bosi, mteja, hao unawaambia joesonghamnida. Akanichorea na herufi za Kichina zilizo ndani ya maneno hayo: mian ni kutokuwa na utulivu; joesong ni hatia na hofu.

Usingizi ulinipaa. Mimi niliyelelewa Tanga, ambako hupiti mbele ya mtu mzima bila shikamoo, nilikuwa nimempa bibi wa watu sori ya kijiweni, tena mbele ya majirani zake. Kabla hatujaagana nilimuuliza yule mwenzangu, basi pole inasemwaje? Alifikiri sana. Neno moja la hivyo hatuna, akasema. Mtu akianguka unamuuliza gwaenchaneuseyo, yaani uko salama?

Asubuhi nilimkuta Halmeoni jikoni, kiwiko kimebandikwa plasta ya dawa. Nikasimama mlangoni, mikono nimeishikanisha mbele, nikainama mpaka nikaona vidole vya miguu yangu. "Halmeoni, joesonghamnida." Sikuharakisha kuinuka. Habari ya mpira sikuigusa; aliyekuja kuomba radhi akianza kujitetea, radhi yenyewe inaharibika, na hilo nadhani ni kweli Daejeon kama ilivyo Tanga. Nikaongeza, "Pareun gwaenchaneuseyo?" Mkono haujambo?

Alinyamaza kitambo, anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Gwaenchana," akasema. Haidhuru. Kisha akanirushia glavu nyekundu za mpira.

Tulikaa uani mpaka mchana, kabichi zimeshachuja maji, tunapaka pilipili jani kwa jani, kutoka shinani kwenda nchani. Nikipaka kwa pupa alinishika kifundo cha mkono na kunionyesha upya. Kabichi ya kwanza ilipokuwa tayari, akachana jani kwa vidole, akalikunja, akanitia mdomoni mwenyewe. Pilipili ikanipanda mpaka puani.

"Maewo?" akauliza. Kali?

"Maewoyo, Halmeoni," nikasema, na ile yo nikaitamka yote.